Jahazi umelipima, bahari je?

Juu ya kabati sebuleni kwangu kuna majahazi mawili ya mti. La kwanza lina urefu wa mkono na shubiri, halina rangi, limechongwa kwa tezo likamaliziwa kwa kisu, na ukilitazama kutoka omo, yaani mbele, utaona ubavu wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa wanda moja hivi. Tanga lake ni kipande cha kiroba cha unga. Maandishi ya kiwanda bado yanasomeka. Hilo alilitengeneza mjomba wangu wa Nungwi, huko Unguja, Mungu amrehemu. La pili ni langu. Lina mataruma 34, zile mbavu za mti za ndani, kila moja nimelikata na kulipinda peke yake. Lina henza na demani za uzi nilioshika mwenyewe kuusokota, na karibu na tezi, upande wa nyuma, kuna ndoo ya kufulia maji isiyozidi ukubwa wa ukucha. Wageni wakija, wote hulishika la pili.

La mjomba limekwenda baharini mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Langu lilikwenda mara moja.

Nilikuwa na miaka 19. Nungwi, kama ujuavyo, ni pwani ya wajenzi wa vyombo. Unalala na kuamka na sauti ya tezo. Kulikuwa na jahazi la mita 12 limepandishwa juu kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, nami nikaazima kamba ya mjomba, nikalipima lote. Nilipima mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, upana wa kila taruma, kimo cha mlingoti, urefu wa foromali, mti unaoshika tanga. Nikaandika kwenye daftari la shule, nikagawa kila kitu kwa 20, na kwa miezi minne sikufanya lingine. Mbao za mninga. Kusugua kwa msasa mpaka ubavu ukawa kama shavu la mtoto. (Siku hizi msasa ni karatasi ya dukani, lakini mjomba alikuwa bado akitumia msasa wenyewe, majani makavu ya mti unaoitwa hivyo, yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ndiyo iliyorithi jina la jani.)

Siku ya kulishusha ilikuwa msimu wa kusi, upepo utokao kusini, wa kawaida tu, si wa kumzuia mvuvi. Watoto wa mtaani walikuja na vidau vyao vya kandambili kuukuu, tanga la mfuko wa plastiki, wakajipanga kama wanaokaribisha meli ya Sultani. Nikaliweka majini. Likaelea, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya. Upepo ukaingia tangani, likalala ubavu, likajaa maji, likageuka miguu juu. Vidau vya kandambili vikalipita.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya gogo, anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Akasema, "Mjomba, jahazi umelipima. Bahari je, umeipima?"

Nilimchukia kwa siku mbili. Siku ya tatu nililigeuza lile lake juu chini na kuliangalia sawasawa kwa mara ya kwanza. Mkuku wake ulikuwa umeshuka kuliko mkuku wa jahazi lolote la kweli. Ndani yake alikuwa ametumbukiza chubwi tatu za risasi, zile za mishipi ya wavuvi, akazifunika kwa lami. Tumbo lilikuwa pana kupita kiasi na tanga dogo kupita kiasi. Kwa kamba na daftari langu, kila kipimo cha chombo kile kilikuwa kosa.

Miaka baadaye ndipo nilipokaa na kalamu nikaelewa. Ukilipunguza jahazi mara 20, eneo la tanga linapungua mara 400, na kwa kuwa mlingoti nao umefupika mara 20, nguvu ya upepo ya kuliangusha inapungua mara 8,000. Sawa. Lakini uzito wa chombo nao umepungua mara 8,000, na upana kinachousimamia umepungua mara 20, kwa hiyo nguvu yake ya kusimama imara imepungua mara 160,000. Upepo haukupungua hata kidogo. Ni upepo ule ule wa kusi. Kwa maneno mengine, jahazi langu lililokuwa sahihi kwa kila wanda lilikuwa jepesi kupinduka mara 20 kuliko lile nililolipima. Mjomba hakuyajua mahesabu haya. Alijua kwamba ukitaka chombo kidogo kifanye kama kikubwa, lazima ukidanganye mahali fulani, na alijua ni wapi.

Nimelisimulia hilo kwa sababu watu wa kazi yangu, yaani watengenezaji wa mifano na wa vifaa vya maigizo na filamu (wenyewe siku hizi husema "propsi"), tunapenda kubishana kuhusu nani fundi na nani msanii. Ubishi wenyewe hugeuka haraka kuwa wa vyeo. Anayeitwa fundi hukasirika kidogo, anayeitwa msanii hujivuna kidogo. Kwetu, kusema kweli, ingefaa iwe kinyume.

Fundi katika Kiswahili ni mtu wa heshima, hata kama amekuahidi nguo Ijumaa na Ijumaa ya tatu sasa inapita. Yupo fundi cherehani, fundi bomba, fundi mwashi; pwani hata kiongozi wa ngoma za mizimu ni fundi. Neno linabeba ujuzi unaoshikika. Msanii je? Fungua gazeti wakati wa kampeni: "Huo ni usanii mtupu." Mwambie mtu "acha usanii" na anayesikia kando hajui kama umemtaja mchoraji au tapeli, ila wewe na yeye mnajua ni tapeli. Na ajabu yake, sanaa tuliipata kwa Waarabu, ambao kwao sinaa ni viwanda. Wizara ya viwanda kwao ni wizara ya sinaa. Neno lilipanda chombo likiwa na nyundo mkononi, likashuka kwetu, likapata heshima ya majukwaa, kisha mtaani likageuka kuwa hila.

Mimi sioni kama mtaa ulikosea. Kazi yangu yote ni hila. Bunduki isiyopiga, mkate usiolika, ukuta wa mawe unaobebwa na mtoto mmoja. Mtu wa propsi anayekataa kuitwa mwongo hajui anachokifanya.

Nilifundishwa hilo Dar es Salaam, na mzee mmoja aliyekuwa na funguo za stoo ya kikundi cha maigizo nilichoajiriwa. Walikuwa wanaandaa mchezo kuhusu vita vya Maji Maji, wakataka magobore sita. Nilikuwa bado na hasira za lile jahazi, nikasema hapa nitawaonyesha. Nikatengeneza la kwanza kwa wiki tatu: kitako cha mninga, mtutu wa bomba la chuma, na kwenye mtambo nikaweka springi ya kweli ili ukivuta kidole nyundo idondoke, ta! Lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo nne. Nikampelekea mzee kama mtu anayepeleka posa.

Akalipokea, akalipima mkononi, akampa mwigizaji. "Panda nalo jukwaani," akamwambia. Mimi akaniambia, "Kijana wangu, wewe nenda kakae pale nyuma kabisa, karibu na mlango."

Kutoka mlangoni, chini ya taa za njano, mwigizaji alikuwa ameshika mwiko. Ningeapa. Mwiko wa kusongea ugali wa msibani. Mninga na chuma vilikuwa vimeyeyuka kuwa kitu kimoja cheusi, mtambo wangu haukuonekana, na mwigizaji alipokimbia alikimbia kama mtu aliyebeba gunia.

Mzee alitengeneza yake matano kwa siku mbili. Bomba la plastiki la maji. Kitako cha boksi la friji, kimevikwa magazeti yaliyochovywa kwenye uji wa unga wa ngano. Nyundo ya mtambo aliitengeneza kubwa kama ngumi, kichekesho ukiiona mezani. Kisha akachukua brashi nyembamba na rangi ya fedha, akavuta mstari mmoja juu ya mtutu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na vitone viwili kwenye nyundo. "Usingoje taa zikuletee mng'ao," akasema. "Mng'ao unauchora mwenyewe." Nilirudi mlangoni. Yalikuwa magobore. Yalikuwa mazito hata, kwa sababu waigizaji, wakiwa na kitu chepesi, walipata nafasi ya kuigiza uzito.

Kumalizia, kitako alikipaka rangi ya viatu nyeusi na kukisugua kwa kitambaa. Hapo nilicheka, maana hila hiyo kila mtu wa pwani anaijua: kinyago cha "mpingo" anachouziwa mgeni, ambacho ukikikwaruza kwa kucha chini yake unakuta mti mweupe. Mpingo wa kweli ukiutia ndani ya maji huzama. Huo wa rangi ya viatu huelea na kuyachafua maji. Kopo ni lile lile, kitambaa kile kile, na mkono unasugua vile vile. Anayemuuzia mgeni amemwibia. Mzee wa stoo hakumwibia mtu, maana kila aliyekaa ukumbini alilipa kiingilio ili adanganywe, na angedai hela yake kama asingedanganywa vizuri.

Sasa ungetegemea niseme mzee ndiye msanii na mimi nilikuwa fundi tu, hadithi iishe. Haikuishia hapo. Mchezo ule ule ulikuwa na kiti cha mtawala wa Kijerumani, kirefu, kina mgongo wa kutisha, nacho alikitengeneza yeye. Kwa macho kilikuwa kitu cha ajabu. Kivuli chake peke yake kilikuwa kinatoa hukumu. Lakini miguu aliipigilia misumari miwili miwili na gundi. Hakutoboa tundu wala kuchonga ulimi wa kuingia humo, kama afanyavyo seremala yeyote wa mtaani anayejua kwamba kiti kitakaliwa na mwanadamu. Usiku wa pili mwigizaji akaingia kwa ghadhabu, kama mchezo ulivyotaka, akajitupa kitini kutoa hukumu ya kunyonga watu, mguu wa nyuma ukatoka. Alianguka vibaya, akateguka kifundo cha mkono. Ukumbi ukacheka, na kicheko kile hakikuisha mpaka watu waliohukumiwa kunyongwa walipokwisha kunyongwa.

Mzee alisimama pembeni ya jukwaa, amejishika kiuno. "Kilikuwa cha kutazamwa," akasema.

Ni kweli, kilikuwa cha kutazamwa. Lakini mtu alikikalia. Nami tangu siku hiyo, kabla ya kuanza kitu chochote, huuliza maswali ambayo hayana uhusiano wowote na uzuri: kitashikwa? Kitakaliwa? Kitaloa? Kamera itakisogelea kiasi gani? Watu wa sinema wenye fedha hutatua hili kwa kutengeneza kitu kimoja mara kadhaa: kimoja cha kuonekana karibu, chenye kila kikwaruzo, na vingine vya mpira vya kutupwa na kuangukiwa. Sisi tuna kimoja. Kwa hiyo ndani ya hicho kimoja unalazimika kuamua ni sehemu ipi itakuwa ya kweli na ipi itakuwa ya kutazamwa tu, na ole wako uzichanganye.

Wapo wanaosema sanaa huanza pale ufundi unapokosea. Mfano wao mkubwa ni sokwe wa King Kong, filamu ya 1933. Sehemu kubwa ya yale unayoyaona ni kisanamu cha sentimita 45 hivi, alichokijenga Marcel Delgado: mifupa ya metali yenye viungo, nyama ya mpira na pamba, na juu yake ngozi ya sungura. Willis O'Brien ndiye aliyekisogeza, kidogo, picha moja. Tena kidogo, picha nyingine. Kila alipokigusa, manyoya yalilala upande ambao vidole vilipita, na kwenye kioo cha sinema yakaonekana yanatembea mwilini mwa mnyama, kana kwamba upepo unapita juu yake. Lilikuwa kosa, alama za vidole. Watazamaji wakaona mnyama ameghadhibika mpaka nywele zimemsimama.

Napenda kisa hicho, lakini siwaungi mkono wanaokitumia hivyo. Kosa haliwi sanaa kwa kuwa limependeza. Hiyo ni bahati, na bahati haina mwanafunzi. Kilichonishika mimi katika Kong ni viungo. Manyoya yalipata nafasi ya kuleta ghadhabu kwa sababu ndani mlikuwa na bega linalozunguka kama bega na mkono unaosimama pale ulipoachwa. Mtu hakuviona viungo hivyo hata siku moja. Kile kiti cha mzee ndicho kilichovikosa.

Mfano mwingine ninaoutumia kubishana ni ule upanga wa mwanga wa Star Wars. Roger Christian, aliyekuwa akipamba seti za filamu ile ya 1977, alikuwa anatafuta kishikio cha upanga usiokuwepo duniani. Akaingia kwenye duka la vifaa vya picha London, akafunuliwa boksi lenye vishikio vya taa za kamera za zamani, aina ya Graflex, zile walizotumia waandishi wa magazeti. Akachukua, akabandika vipande vya mpira mahali pa kushikia, akatia kikorokoro kidogo cha kung'aa. Kazi ya mkono ilikuwa ndogo, mtoto wa darasa la saba angeiweza. Lakini nani mwingine angekiona kishikio cha taa ya kamera na kukitambua kuwa ni upanga?

Na leo wapo watu, dunia nzima, wanaotengeneza nakala za kishikio kile. Wanabishana kuhusu nusu milimita. Wanatafuta taa za Graflex za miongo kadhaa iliyopita kama watu wanavyotafuta marijani. Wengine wanarudia hata gundi ilipovuja. Kwa ufundi wamempita mbali yule wa kwanza. Kazi yao ukiiweka kando ya kitu chenyewe, chenyewe ndicho kitaonekana cha kubahatisha. Kuna wanaowacheka. Mimi siwacheki, na sababu yangu haitoki London wala Hollywood. Iko huku kwetu, inaitwa mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu na pwani yote hii, kimeshonwa. Hakuna msumari wa chuma. Mbao ziliunganishwa kwa vijiti na kufungwa kwa kamba ya kumbi, mshono baada ya mshono, na tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka wa miaa. Omo lilinyanyuka kama shingo ya ngamia, lina macho. Ulibeba boriti za mikoko. Majahazi ya misumari yakaongezeka, mtepe ukapungua, na ilipofika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha. Hakuna uliobaki hata mmoja.

Vilivyobaki ni picha chache, maandishi ya watu wachache waliouona, na mifano. Vimitepe vidogo, vimekaa makumbusho, Lamu na kwingineko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar ilipojengwa mtepe mzima upya na kuwekwa uani mwa Beit al-Ajaib, lililokuwa jumba la makumbusho, mafundi hawakuwa na chombo cha kwenda kukipima kwa kamba kama nilivyofanya mimi. Walilazimika kuviuliza vitu kama hivyo. Jengo lenyewe, la Sultani Sayyid Barghash la 1883, upande wake mmoja uliporomoka siku ya Krismasi 2020. Nilipopata habari, nilichokiwaza kwanza ni mtepe ule, na nikaona aibu kidogo, maana kulikuwa na watu mle.

Nenda ukasimame mbele ya mfano wa mtepe kama umewahi kushika patasi, utaelewa ninachotaka kusema. Mtu fulani, jina lake hakuna anayelijua, alikaa akashona ubao kwa ubao kitu ambacho hakitabeba hata boriti moja. Angeweza kuchora mishono kwa masizi na mtu asingegundua. Kama yangekuwa mawazo ya mzee wa stoo, angeikuza ile mishono ili ionekane kutoka mlangoni, na shingo ya ngamia angeirefusha kwa sababu ndiyo inayopendeza. Na sisi, miaka mia baadaye, tungejenga chombo kizima juu ya uongo wake, tukaamini.

Ninaweza vipi, basi, kumsifu mjomba aliyedanganya kila kipimo, na papo hapo kumsifu huyu asiyejulikana kwa kutodanganya? Nimelala na swali hili usiku mwingi. Jibu nililonalo ni kwamba mjomba alimjibu mtu mwingine. Alimjibu kusi, na kusi hatazami mishono. Mzee wa stoo alimjibu mtu aliyekaa karibu na mlango. Huyu wa mtepe alikuwa anajibu kwa watu ambao hawajazaliwa, ingawa sidhani kama alijua. Pengine alijibu tu kwa mkono wake, uliozoea kushona hivyo na usiojua kushona vingine. Ukubwa wa uongo unaoruhusiwa hutegemea nani anakungoja upande wa pili, na sijaona kanuni inayozidi hiyo. Tena nikiwa karakana sipati nafasi ya kuifikiria, nafikiria gundi.

Mwaka huu kijana mmoja anayetengeneza filamu fupi amenijia. Anataka mtepe upite mbali, alfajiri. "Sekunde nne tu, anko," akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani sekunde nne ni bei nafuu. Tulikubaliana kipimo cha 1 kwa 25, mtepe wa mita 20 uwe wa sentimita 80. Nilikichagua kwa sababu ya maji. Maji hayapungui ukubwa; tone ni tone, na ukipiga picha chombo kidogo kwa mwendo wa kawaida, kinayumbayumba kama bata na kila mtu anajua ni kidude cha kuchezea. Dawa yake ni kupiga picha nyingi zaidi kwa sekunde kisha kuzionyesha kwa mwendo wa kawaida, ili kila kitu kiwe kizito. Unazidisha kwa kipeuo cha pili cha kipimo chako. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Filamu ni picha 24 kwa sekunde. 24 mara 5 ni 120, na simu ya kijana inapiga 120. Nilimweleza hilo akaniangalia kama nimesoma falaki.

Kwa kuwa mtepe huu lazima usafiri kweli majini, nimeuwekea chini mkuku wa uongo, mrefu, wenye chubwi nne za risasi. Maji yataufunika. Mjomba angeona idadi tu ndiyo imebadilika. Kamba ya unene wa sentimita moja, kwa kipimo cha 25, inakuwa nusu milimita isiyotimia, na kwenye kamera ingepotea, kwa hiyo nimeshona kwa uzi mnene mara tatu, na mishono nimeiacha mbalimbali. Tanga ni kitambaa nilichokichemsha na majani ya chai. Miaa haisukiki kwa udogo ule, nimejaribu, nimejikata vidole. Shingo ya ngamia sikuigusa. Kijana aliomba iongezwe kidogo, nikamwambia hapana, na sikuweza kumpa sababu nzuri zaidi ya kwamba shingo ile si yangu.

Ubavu wa kulia ndio utakaoonekana. Umenichukua siku kumi na mbili. Wa kushoto nimeupigilia misumari, nikaziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapaka rangi. Zamani ningeona haya. Sasa sioni, kamera haifiki huko, na kijana hana fedha ya siku kumi na mbili nyingine.

Lakini jana, kabla sijafunga ubao wa mwisho wa juu, nilichukua penseli ya useremala, nikaingiza mkono ndani ya tumbo la chombo, nikaandika kwenye ubavu wa kushoto: Upande huu ni uongo. Kisha chini yake: Mishono ya kulia imekuzwa mara tatu. Mkuku wa risasi haukuwepo. Shingo ni sawa. Nikaweka tarehe.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu. "Sasa anko, nani atasoma humo ndani?"

Nikamwambia anishikie taa vizuri, mwandiko ulikuwa unapinda.